UN walimfutia kaburu dhamana ya Namibia 1966, mbona alitoka 1990? Ni diplomasia au ni mtutu?

MwalimuWaMoro aliandika:

Wakuu salaam. Nafundisha historia sekondari huku Morogoro, kidato cha nne, na wiki iliyopita tulikuwa kwenye mada ya Namibia. Nikaandika ubaoni kama ninavyoandika kila mwaka, 1966 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likamfutia Afrika Kusini dhamana ya kuitawala Namibia, 1971 Mahakama ya Kimataifa ikasema yuko pale kinyume cha sheria, 1978 azimio namba 435, 1990 uhuru. Mistari minne, inakaa vizuri kwenye daftari na kwenye mtihani.

Sasa kuna binti mmoja anakaa nyuma karibu na dirisha, haongeagi kabisa, siku hiyo akanyoosha mkono. Akasema mwalimu, mtu ameambiwa nyumba si yako toka, akakaa humo miaka 24, na waliomwambia atoke muda wote huo wanaandika barua, sasa hizo barua zilisaidia nini? Darasa zima likageuka kumwangalia halafu likaniangalia mimi.

Nikajibu yale ya kitabuni, kwamba jumuiya ya kimataifa iliweka shinikizo, vikwazo, nchi za Mstari wa Mbele na kadhalika, lakini nilivyokuwa naongea nikajisikia kabisa kwamba sijamjibu. Kengele ikagonga akaandika nilichosema na mimi nikarudi ofisini roho haijatulia mpaka leo. Watoto hawa wanaangalia taarifa ya habari, wanaona nchi zinakaliwa na majeshi ya wenzao na maazimio yanapitishwa kila siku, ukiwaambia barua zinafanya kazi na hawaoni zikifanya kazi watakuona muongo. Na nikiwaambia hazifanyi kazi nitakuwa nimewafundisha nini?

Naombeni mnaojua mnisaidie, sio kwa ajili ya mtihani, nataka nirudi darasani Jumatatu nimjibu yule mtoto.

Jembe_la_Songea alijibu:

Mwalimu mwambie huyo binti ukweli, ni mtutu. Kaburu hakuwa mtu wa kusikia karatasi hata siku moja.

Angalia mtiririko wenyewe. Juni 1975 na tena Oktoba 1976 Afrika ilipeleka hoja Baraza la Usalama kaburu anyimwe silaha kwa sababu ya Namibia, na mara zote mbili Marekani, Uingereza na Ufaransa wakapiga kura ya turufu, wote watatu kwa mpigo. Halafu 1977 haohao watatu wakaongezeka na Kanada na Ujerumani Magharibi wakasema wao sasa ndio wasuluhishi. Wakaleta 435 Septemba 1978, uchaguzi huru chini ya usimamizi wa UN, kila mtu akapiga makofi. Lakini mwaka huohuo tarehe 4 Mei kaburu alikuwa ameshapeleka ndege Cassinga ndani ya Angola, akashusha askari wa miavuli kwenye kambi ya Wanamibia, wakafa mamia, wanawake na watoto wamo, wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja. Huyo ndiye unayemwandikia barua.

Kisha akaingia Reagan 1981, na mtu wake wa masuala ya Afrika Chester Crocker akaja na hoja kwamba kaburu hatatoka Namibia mpaka Wacuba, wale askari waliokuwa wanaisaidia Angola, watoke Angola. Wanamibia wanahusika nini na Wacuba? Miaka saba ikapotea hapo, saba nzima, na kila mwaka watu wanakufa mpakani.

Kilichobadilisha ni hiki. Mwisho wa 1987 Castro akaongeza jeshi, mji wa Cuito Cuanavale kule Angola ukashikiliwa kaburu akashindwa kuuchukua, halafu 1988 Wacuba na Waangola na SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, wakateremka kusini mpaka karibu kabisa na mpaka wa Namibia. Tarehe 27 Juni ndege za Cuba zikapiga bwawa la Calueque, vijana wa Kizungu zaidi ya kumi wakafa siku moja, watoto waliolazimishwa jeshi, na kule kwao wazazi wakaanza kuuliza watoto wetu wanafia nini Angola. Miezi sita baadaye, 22 Desemba 1988, mkataba umesainiwa New York. Miaka kumi ya barua haikufanya kilichofanywa na miezi sita ya vita.

Mjomba wangu alikuwa Msumbiji miaka hiyo na jeshi letu, naongea kwa uchungu kidogo mnisamehe, lakini watu walikufa na sitaki sifa zao apewe karani wa New York.

wakili_kesho alijibu:

Kaka Jembe kwa waliokufa tuko pamoja na sitabisha tarehe yako hata moja. Ila ngoja nikuulize. Hizo ndege za kaburu mwaka 1988 kwa nini zilikuwa za zamani?

Kwa sababu ya karatasi. Novemba 1977, baada ya Steve Biko kuuawa mikononi mwa polisi, Baraza la Usalama likapitisha azimio 418, marufuku ya silaha kwa Afrika Kusini, ya lazima kwa kila nchi, na safari hii wale watatu hawakuweza kulizuia. Kaburu alikuwa anarusha Mirage za Mfaransa na baada ya hapo hakuweza kununua mpya. Miaka kumi baadaye anakutana angani Angola na MiG-23 za Cuba, na kila ndege anayoipoteza hana pa kuibadilisha. Wanajeshi wake wenyewe walijua hilo. Kwa hiyo ukisema mtutu ulishinda ni kweli, ila kuna watu walikaa kwenye viti miaka mingi wakabishana mpaka mtutu wa upande wa pili ukaanza kuchakaa. Hivyohivyo pesa, 1985 benki kubwa za Marekani zikakataa kumrefushia mikopo, randi ikaanguka, na 1986 bunge la Marekani likapitisha sheria ya vikwazo juu ya kichwa cha Reagan aliyekuwa ameikataa. Vita ni gharama, na kaburu alianza kuhesabu.

Sasa Mwalimu, swali la binti yako ni zuri sana na naomba nilijibu kutokea mwanzo kwa sababu watu wengi hawajui mwaka 1966 ulikuwaje.

Ethiopia na Liberia ndizo zilizofungua kesi The Hague mwaka 1960, kwa vile zilikuwa wanachama wa zamani wa Ligi ya Mataifa iliyompa Afrika Kusini ile dhamana. Kesi ikaenda miaka sita. Tarehe 18 Julai 1966 majaji wakagawanyika saba kwa saba, na rais wa mahakama, Percy Spender wa Australia, akapiga kura ya pili ya kuamua, wakasema Ethiopia na Liberia hazina haki ya kisheria ya kudai jambo hilo. Miaka sita ya kesi halafu unaambiwa hayakuhusu! Hawakusema hata kaburu ana haki au hana. Wanamibia walisikiliza hukumu ile redioni, na SWAPO wakiwa hapahapa Dar es Salaam wakatoa tamko kwamba sasa imebaki kushika silaha. Tarehe 26 Agosti mapigano ya kwanza Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia. Tarehe 27 Oktoba Baraza Kuu likaifuta dhamana. Julai, Agosti, Oktoba, mwaka mmoja. Diplomasia na bunduki vilitoka tumbo moja, hivyo huwezi kumuuliza mtoto achague.

Na 1971 ile mahakama ikarudi na maoni mengine, kwamba Afrika Kusini iko pale kinyume cha sheria na kila nchi ina wajibu wa kutokutambua chochote inachofanya kule. Mnaona ni barua? Siku chache baadaye viongozi wawili wa makanisa ya Kilutheri ya Namibia, Askofu Leonard Auala na Paulus Gowaseb, wakamwandikia waziri mkuu Vorster barua ya wazi wakamwambia watu wetu hawako huru, na barua ikasomwa makanisani Jumapili. Desemba mwaka huohuo vibarua wa mkataba, wale waliokuwa wanachukuliwa kaskazini kupelekwa migodini na mashambani bila familia zao, wakagoma kwa maelfu. Mtu anayechimba madini Tsumeb hajasoma hukumu ya The Hague, lakini alijua sasa kwamba dunia imesema huyu bosi hana haki ya kuwa hapa. Hiyo inampa mtu mgongo.

MtotoWaKongwa alijibu:

Nimesoma nimeshindwa kupita kimya. Mimi ni wa Kongwa, Dodoma. Kuna watu wanapita pale wanaona mji mdogo wa vumbi na mnada wa ng'ombe tu, hawajui.

Kambi ya wapigania uhuru ilifunguliwa pale 1964, kwenye majengo yaliyoachwa na Waingereza baada ya ule mradi wao wa karanga kufa. SWAPO walikuwepo, ANC walikuwepo, FRELIMO, wengineo. Kile kikundi cha kwanza cha SWAPO kilichokwenda kufungua Omugulugwombashe aliyoitaja wakili kilitoka Kongwa 1965. Sehemu ya safari kwa miguu, jamani, angalieni ramani muone Kongwa iko wapi na kaskazini mwa Namibia iko wapi.

Bibi yangu alikuwa anawauzia kuku na maziwa. Anasimulia kuna mmoja alikuwa anakuja kila Jumamosi na kibuyu chake, Kiswahili chake cha kuungaunga, akifika anavua kofia ndio anasalimia, na anapenda maziwa ya mgando kuliko fresh kwa sababu anasema kwao wanakunywa hivyo. Alijifunza Kigogo kidogo, akiamkia "mbukwenyi" bibi anacheka. Siku moja hakuja. Jumamosi ya pili hakuja. Bibi akamwekea kibuyu chake kwenye dari pale jikoni kwa sababu kilibaki kwetu, na kilikaa pale mpaka nyumba ile ilipobomolewa mimi nikiwa darasa la tano, kimekuwa cheusi kwa moshi. Hakuna aliyethubutu kukitumia. Bibi alifariki hajui yule mtu alifika au hakufika.

Ndugu Jembe unasema sifa asipewe karani wa New York. Mimi nasema hivi, yule mtu alikuwa anakaa Kongwa kwa sababu kulikuwa na nchi imekubali akae, na kamati ya ukombozi ya OAU pale Dar chini ya Hashim Mbita inamtafutia kombati na chakula, na balozi wetu kule New York anamsemea. Salim Ahmed Salim, mtoto wa Pemba, aliongoza kamati ya UN ya kuondoa ukoloni, na Januari 1976 zamu ya urais wa Baraza la Usalama ilikuwa yetu, na tarehe 30 mwezi huo likapita azimio 385 la kutaka uchaguzi huru Namibia, kwa kauli moja, hata wale watatu walinyoosha mkono. Kibuyu cha Kongwa na kile kiti cha New York mimi naona ni kazi moja.

Nyokabi_wa_Nakuru alijibu:

Wacha na mimi niongeze ya Kenya juu naona mmetusahau. Mjomba wangu alikuwa kwa jeshi na 1989 alienda Namibia na kile kikosi cha UN kiliitwa UNTAG, batalioni za askari wa miguu zilikuwa tatu, Kenya, Finland na Malaysia. Ako hai, nilimpigia simu jana usiku nikamuuliza hii swali ya mwalimu.

Kitu cha kwanza aliniambia ni ile kuchelewa. Wakubwa kule New York walikuwa wanazozana juu ya pesa, hao wa kura ya turufu wanasema askari 7,500 ni wengi, wakapunguza ikabaki 4,650, bajeti ikapita Machi na kazi inafaa kuanza 1 Aprili. Sasa hio siku yenyewe ikafika na askari wengi wa UN bado hata hawajatua. Wapiganaji wa SWAPO wakavuka kutoka Angola na mwakilishi wa UN, Martti Ahtisaari, hana jeshi la kuweka katikati, akakubali jeshi la kaburu litoke kambini, na kwa siku chache watu wa SWAPO karibu 300 wakauawa. Na hii ni baada ya mkataba kusainiwa! Mjomba anasema hio kitu humsumbua mpaka leo, kwa sababu wao walikuwa tayari wamepanga mizigo Nairobi wanangoja ndege. Kwa hivyo mwalimu ukifundisha usiwaambie UN ilikuwa safi. Kuna watu walikufa kwa sababu ya mabishano ya bajeti.

Lakini pia kuna hii. Novemba, uchaguzi, siku tano, tarehe 7 hadi 11. Mjomba ako na picha moja ameweka kwa fremu sebuleni karibu na ile bereti ya samawati. Ni mama mzee amekaa chini kwa mchanga, amevua viatu ameviweka kando vizuri vimepangwa, ameshika karatasi yake ya kupiga kura kwa mikono yote mbili, na nyuma yake laini ya watu hata huoni mwisho. Alikuwa amefika usiku. Mjomba alimuuliza mama si ungoje kesho kutakuwa na watu wachache, mtafsiri akamwambia mama anasema amengoja tangu mumewe apigwe risasi Old Location kule Windhoek, na hio ilikuwa Desemba 1959. Zaidi ya asilimia 95 ya waliojiandikisha walipiga kura. SWAPO ikapata viti 41 kati ya 72.

Jembe_la_Songea alijibu:

Nyokabi hiyo ya mama imenigusa, msalimie mjomba sana.

Wakili sawa, hoja ya ndege naikubali, sikuwa nimeiunganisha na 418. Lakini sijamaliza. Kama karatasi zinafanya kazi mbona Sahara Magharibi hazijafanya? Maoni ya mahakama ya The Hague wanayo, ya Oktoba 1975. UN wameahidi kura ya maoni na kuweka watu wake pale tangu 1991. Hapa Arusha kwenyewe Mahakama ya Afrika ilisema Septemba 2022 kwamba Morocco inaikalia nchi ile na watu wake wana haki ya kujiamulia. Sisi Tanzania tuliitambua jamhuri yao tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Na watu bado wako kwenye mahema jangwani Tindouf, kule Algeria, mtoto aliyezaliwa kambini sasa hivi ana wajukuu. Wana kila karatasi waliyokuwa nayo Wanamibia.

wakili_kesho alijibu:

Hapo umenishika pabaya kaka, na ni swali ambalo linaniuma kila nikilifikiria.

Nitakwambia ninavyoona. Wana karatasi nyingi ila moja hawana, ile ya kutokutambua, yaani dunia nzima kukaza. Kaburu Desemba 1978 alifanya uchaguzi wake mwenyewe Namibia bila SWAPO, akaweka watu wake, 1985 akaweka serikali nyingine ya mpito, na hakuna nchi hata moja iliyozitambua. Hata rafiki zake wa Magharibi, waliokuwa wananunua urani ya mgodi wa Rössing kule Namibia bila aibu, hawakuthubutu kuitambua serikali ile. Angekuwa ametambuliwa na nchi tano tu nadhani 435 ingekufa. Ile 435 ilikaa miaka kumi haijaguswa, kweli, lakini kaburu alipochoka 1988 hakukuwa na haja ya kuanza kubishana upya nani atasimamia uchaguzi na nani anaruhusiwa kugombea, kilikuwa kimeshaandikwa na hakuna njia nyingine ya kutokea aliyokuwa amefunguliwa. Vita vilimleta mlangoni, na mlango ulikuwa mmoja.

Sahara Magharibi milango mingine inafunguliwa kila mwaka. Trump alitambua mamlaka ya Morocco juu ya nchi ile Desemba 2020. Kenya ilisimama na Sahrawi, yaani watu wa Sahara Magharibi, halafu ikayumba, Mei 2025 ikatangaza kuunga mkono mpango wa Morocco, Nyokabi samahani. Oktoba 2025 Baraza la Usalama lenyewe likapitisha azimio la kuufanya ule mpango wa Morocco wa utawala wa ndani kuwa msingi wa mazungumzo. Morocco inachimba fosfeti Bou Craa, inavua samaki pwani ile, na wanunuzi wapo. Anayekalia haoni gharama, kila akisubiri anapata rafiki mpya. Mahakama ya Ulaya Oktoba 2024 ilibatilisha mikataba ya biashara na uvuvi iliyohusisha eneo lile kwa sababu watu wenyewe hawakuridhia, na mimi nafikiri hiyo ndiyo sehemu ya kushikilia kwa meno, bidhaa, meli, lebo kwenye nyanya, kwa sababu hapo ndipo kaburu alipobanwa.

Nyokabi_wa_Nakuru alijibu:

Hakuna samahani wakili, hata mimi hio ya Mei ilinikasirisha. Nchi yenye ilituma vijana wake kusimamia ile laini ya wapiga kura Namibia ingekuwa ya mwisho kuwaambia wengine wakubali kutawaliwa.

MwalimuWaMoro alijibu:

Jamani nimekaa na simu tangu saa mbili usiku chai imepoa. Asanteni sana, kutoka moyoni.

Jumatatu nitaufuta ule ubao wa mistari minne. Nitaanza na mwaka 1966 wenyewe, zile tarehe tatu, nimuulize yule binti angekuwa yeye amesikia hukumu ya Julai redioni angefanya nini. Halafu ndege na 418 ziende pamoja, na ile 1 Aprili 1989 sitaificha. Jembe nitawaambia pia Cassinga, nilikuwa nairuka kwa sababu haimo kwenye maswali ya mtihani na nimeona aibu kusema hivyo.

Sahara Magharibi sijui nitaiwekaje, nitawaachia kama swali waende nalo nyumbani, maana na mimi nimebaki nalo.

MtotoWaKongwa, nina wanafunzi 43. Nikiwaombea basi shuleni, kuna mtu pale anaweza kutuonyesha kambi ilikuwa wapi?

MtotoWaKongwa alijibu:

Yupo mwalimu, baba yangu mdogo, ndiye anayewaonyesha watu makaburi ya wale wapigania uhuru waliozikwa pale, mengine yana majina. Mkitoka Moro njia ya Dodoma mkifika Mbande ndio mnaiacha lami kuu mnaingia Kongwa, nitawasubiri hapohapo njia panda. Njooni kabla mvua hazijaanza na mje asubuhi, jua la huku si mchezo, watoto wabebe maji. Na huyo binti wa dirishani asikose kuja, baba mdogo atapenda kuongea naye.